Taa ya Kijani Iliyonipotosha: Safari ya Oili Katika Injini ya Gari Kuukuu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini je, mtu asiyejua kuyasoma mawingu ataanua nguo zake saa ngapi? Swali hilo lilinikumba katika likizo ya Agosti mwaka wa 2024, wakati gari la babu yangu liliponusurika kuishia kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma kuukuu, nami nikiwa na sehemu yangu katika lawama. Nimeona niyaeleze hayo katika jarida letu ili wanachama wenzangu wajifunze mambo mawili: namna oili inavyosafiri ndani ya injini, na namna ya kutafuta kosa hatua kwa hatua kabla ya kukata tamaa. Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya mashine. Hao hawajawahi kukaa hata nusu saa katika kibanda cha fundi wa jua kali.

Babu yangu ni mwalimu mstaafu, na nyumbani kwake ni Njoro. Gari lake ni Volkswagen Beetle la mwaka wa 1966, lenye injini ya 1300. Alilinunua mwaka wa 1979 likiwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Watoto wa jirani huliita Kobe kwa sababu ya umbo lake. Injini yake iko nyuma, buti iko mbele, tena halina rejeta wala tone la maji; hupozwa na upepo wa feni pamoja na oili. Magari ya aina hiyo yaliundwa zaidi ya milioni 21 hadi la mwisho lilipotoka kiwandani huko Mexico mwaka wa 2003. Hapa kwetu yaliwahi kushinda mbio za Safari katika miaka ya 1954, 1957 na 1962. Babu hujivunia sana ushindi wa 1962, kwani aliusikia redioni akiwa mtoto wa shule, akaapa kwamba siku moja naye atakuwa na gari kama lile.

SIKU YENYEWE

Siku hiyo tulikuwa tumekwenda Nakuru mjini kununua sare yangu na madaftari ya muhula wa tatu. Saa kumi alasiri tukashika njia ya kurudi Njoro, mwendo wa kama kilomita 18. Sehemu kubwa ya safari hiyo ni kupanda, kwani Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jua lilikuwa likitupiga usoni. Babu alikuwa ameishusha kofia yake hadi kwenye nyusi, nami nimeketi kando yake, mfuko wa madaftari magotini.

Tulipopunguza mwendo nyuma ya trekta moja, niliona kitaa kidogo ndani ya spidomita kikiwaka na kuzimika, kikiwaka na kuzimika. Kilikuwa cha kijani. Kusema kweli, kilinipendeza. Si taa za barabarani zimetufundisha kwamba nyekundu ni kusimama na kijani ni kwenda? Nikajisemea moyoni, "Kijani! Basi mambo ni shwari." Nikanyamaza. Babu naye hakukiona kwa sababu ya ukali wa jua.

Baada ya kama kilomita mbili kitaa kiliacha kupepesa, kikawaka moja kwa moja. Kisha nikasikia harufu kama ya sufuria iliyosahauliwa mekoni, na nyuma yetu mlio wa tiki-tiki-tiki, mithili ya cherehani. Hapo ndipo Babu alipokinga jua kwa kiganja na kutazama.

"Lo! Taa hii imewaka tangu saa ngapi?"

"Tangu kule kwenye trekta, Babu. Lakini si ni ya kijani?"

Hakunijibu. Alizima injini papo hapo, akaliacha gari lijikokote lenyewe hadi kando ya barabara. Alipofungua kifuniko cha nyuma, joto lilitupiga kama mtu aliyefungua tanuri. Alitazama mkanda wa feni kwanza. Ulikuwa mzima. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa katikati ya zile alama mbili, pale inapotakiwa kuwa. Babu akatikisa kichwa.

"Oili ipo, na taa inasema haipo. Hiki ni kitendawili."

Tulipokuwa tukingoja gari la kutuvuta, alinieleza kwa upole. "Mjukuu wangu, katika gari hili taa nyekundu ni ya jenereta, na ya kijani ni ya oili. Walioliunda hawakumwuliza polisi wa trafiki." Nilicheka kidogo, lakini kicheko chenyewe hakikufika tumboni.

HUKUMU YA KWANZA

Gari lilivutwa hadi gereji moja. Fundi wa pale aliliwasha kwa dakika moja hivi, akasikiliza, akazima, akatoa hukumu: "Mzee, hii injini imekwisha. Beringi zimekufa. Hapa ni kufungua kila kitu." Bei aliyoitaja ilikuwa shilingi 85,000, bila kuhesabu vipuri.

Babu anaishi kwa pensheni, na sehemu ya pensheni hiyo ndiyo inayonilipia karo. Usiku ule nilimsikia akimwambia Nyanya kwamba amezungumza na mnunuzi wa vyuma kuukuu, naye yu tayari kulichukua Kobe kwa kilo. Pesa zitakazopatikana zitakwenda kwenye karo ya muhula wa tatu. Sikupata usingizi. Gari lililompeleka mama yangu hospitalini usiku niliozaliwa, leo lipimwe kwa kilo kama viazi! Na kama ningefumbua mdomo wangu kilomita mbili mapema, huenda tusingefika hapo.

Asubuhi nilipiga moyo konde nikamwendea. "Babu, kabla hujaliuza, kwa nini tusimwite yule mwanafunzi wako wa zamani mwenye kibanda kule sokoni alitazame?"

Babu alinyamaza kwa muda. "Haya. Kuuliza si ujinga."

Fundi huyo ni mtu wa makamo, na hadi leo humwita Babu "Mwalimu" na kumvulia kofia. Alipokwisha kusikia habari ya beringi zilizokufa, alitabasamu. "Mwalimu, si wewe ndiye uliyetufundisha kwamba jibu lisilo na njia halipati alama? Huyo ametoa jibu. Mimi nataka kwanza kuona njia."

Basi Kobe likakokotwa hadi kibandani kwake.

KAZI YA OILI NA NJIA IPITAYO

Kabla ya kushika spana, Fundi alichora injini mchangani kwa msumari na kunieleza. Nami nitajaribu kukueleza vivyo hivyo.

Oili ina kazi nne. Kazi ya kwanza ni kulainisha. Inaingia kati ya chuma na chuma ili visigusane. Ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ambao mafundi huuita krankishafti, haukai juu ya beringi zake kama mtu akaavyo juu ya kiti. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikatika, chuma husaga chuma, na katika dakika chache tu injini huharibika. Kazi ya pili ni kupoza, na katika gari lisilo na maji kazi hii ni kubwa maradufu. Ya tatu ni kusafisha, kwani oili hubeba masizi na chembechembe za chuma. Ya nne ni kuziba ule mwanya mwembamba ulioko kati ya pistoni na ukuta wake.

Ili izifanye kazi hizo, oili sharti isafiri. Hukaa chini ya injini katika bakuli liitwalo sampu. Katika Beetle ni lita mbili na nusu tu. Kutoka hapo huvutwa kupitia chujio la wavu hadi kwenye pampu yenye gia mbili zinazozungushwa na kamshafti. Pampu huisukuma hadi kwenye kipoza-oili, kilichosimama katika njia ya upepo wa feni. Ikishapoa huingia katika mifereji iliyotobolewa ndani ya ukuta wa injini, ikafika kwenye beringi za krankishafti na za kamshafti, ikapanda kupitia vijiti vyenye tundu hadi kwenye vali. Mwishowe huteremka yenyewe kupitia mirija hadi kwenye sampu, na safari ikaanza upya.

Njiani, baada ya pampu, kuna mlango wa usalama. Ni kizibo cha chuma chenye umbo la kikombe kidogo, kilichomo ndani ya tundu na kusukumwa juu na springi. Asubuhi oili ikiwa baridi huwa nzito, na msukumo wake huwa mkubwa. Hukisukuma kizibo hadi chini, nayo ikapata njia ya mkato: sehemu yake huenda moja kwa moja kwenye mifereji bila kupitia kipoza-oili, na ile ya ziada hurudi kwenye sampu. Oili inapopata moto na kuwa nyepesi, springi hukirudisha kizibo juu, njia ya mkato hufungwa, na oili yote hulazimika kupitia kwenye kipoza-oili. Kama si mlango huo, kipoza-oili kingeweza kupasuka asubuhi moja ya baridi.

WINGI SI MSUKUMO

Hapa ndipo wengi hupotea, nami nilikuwa mmoja wao. Kijiti hupima wingi wa oili. Taa huonyesha msukumo wake. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Fikiria tangi la maji la bweni letu. Tangi laweza kuwa limejaa pomoni, na bado bafuni yakatoka maji ya kudondoka tu. Huenda bomba limeziba, au limepasuka mahali, au kuna mtu aliyeacha mfereji wazi kule chini na maji yote yanakimbilia huko. Kulitazama tangi hakutakuonyesha lolote. Ndiyo maana Babu aliona kitendawili: tangi limejaa, bafuni hakuna maji.

Tena taa yenyewe si mpimaji hodari. Swichi yake huizima taa mara tu msukumo unapopita kiasi kidogo, kati ya ratili 2 na 6 hivi kwa kila inchi ya mraba. Lakini injini hii, ikiwa na moto na ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, haifai kuwa na chini ya ratili 28. Kwa kulinganisha, tairi nyingi za magari madogo ya siku hizi hujazwa upepo wa ratili 30 hivi. Kwa hiyo taa ikizimika haina maana kwamba injini ni nzima, na ikiwaka ujue mambo yameharibika tangu zamani. Taa ya oili haipigi mbiu ya mgambo. Inaleta habari ya msiba.

KULITAFUTA KOSA

Fundi alikuwa na kanuni moja: anza na kilicho rahisi na kisichogharimu, umalizie na kilicho ghali. Hatua zake zilikuwa hizi.

Hatua ya kwanza ni kijiti. Gari lisimame mahali pa tambarare, injini iwe imezimwa kwa dakika chache. Kati ya alama ya juu na ya chini ya Beetle kuna zaidi ya lita moja, yaani karibu nusu ya oili yote. Ikishuka chini ya alama, pampu huvuta hewa, hasa gari linapopanda mlima au kupinda kona. Yetu ilikuwa sawa.

Hatua ya pili ni kuinusa na kuishika oili yenyewe. Pampu ya petroli ya gari hili imefungwa kwenye injini, na ngozi yake ya ndani ikitoboka, petroli huvujia katika oili na kuifanya nyepesi kama maji. Msukumo nao hushuka. Yetu haikunuka petroli. Kinyume chake, ilikuwa nyeusi na nzito kama uji wa wimbi. Fundi alimtazama Babu kwa jicho la pembeni. "Mwalimu, oili hii ilibadilishwa lini?"

"Kitambo kidogo," Babu akajibu, naye akatazama pembeni.

Hatua ya tatu ni kuhakikisha kwamba taa haisemi uongo. Ukichomoa waya wa swichi ya oili, taa ikaendelea kuwaka, basi waya umechunika mahali na unagusa bodi ya gari. Yetu ilizimika, kumaanisha kwamba waya ulikuwa mzima. Ndipo Fundi alipoitoa swichi na kufunga geji mahali pake. Akaiwasha injini kwa muda mfupi tu, tukasoma. Ikiwa baridi, sindano ilipanda hadi 25. Injini ilipoanza kupata moto, ikashuka hadi 12 kwenye mizunguko 2,500. Ilipoachwa ingurume polepole, sindano ililala kwenye 3. Fundi akazima upesi.

"Kwa hiyo taa haikudanganya," nikasema.

"Taa haijamdanganya mtu. Ni wewe uliyeisoma kwa kamusi ya barabarani."

Washukiwa walibaki wanne: chujio, kizibo cha usalama, pampu, na beringi. Fundi wa kwanza alikuwa ameanza na wa mwisho.

Hatua ya nne ni chujio. Tuliinua gari kwa jeki, tukaweka stendi za chuma. Tafadhali msomaji, usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake! Tulimwaga oili kwenye mtungi ikiwa ingali vuguvugu, kwani hapo hutoka na uchafu wake. Kisha tukafungua bamba la chini lenye nati sita ndogo na kutoa chujio. Karibu theluthi moja ya wavu ilikuwa imezibwa na tope jeusi. Niliusugua kwa mafuta ya taa na brashi hadi ukang'aa. Mrija unaovuta oili ulikuwa umekaza vizuri, haulegei. Chujio hurudishwa na gasketi mpya mbili, moja juu na moja chini. Nati zake hukazwa kwa mkono mwepesi, maana bolti zake zikichoka hung'oka na nyuzi zake. "Tumia mkono wa kuokotea sindano," Fundi aliniambia, "si ule wa kupasulia kuni."

"Basi kosa si ndilo hili?" nikauliza kwa shauku.

"Pengine ni mmoja wa wezi. Lakini wavu ulioziba theluthi bado unapitisha oili. Usifunge kesi mapema."

Hatua ya tano ni kile kizibo cha usalama. Chini ya injini, upande wa kushoto karibu na puli, kuna skrubu kubwa yenye mfuo mpana. Ukiifungua, kinachotarajiwa ni springi na kizibo kuteremka pamoja. Fundi aliweka kiganja chake chini, akaizungusha bisibisi pana polepole. Skrubu ikatoka. Springi ikaanguka. Tukangoja.

Kizibo hakikutoka.

Fundi alilala chali akamulika kwa tochi, kisha akaniita nami nitazame. Kizibo kilikuwa kimekwama ndani ya tundu lake, kikiwa chini, yaani njia ya mkato ilikuwa wazi. Hapo mambo yote yakanifungukia. Huyu ndiye mtu aliyeacha mfereji wazi kule chini! Pampu ilikuwa ikisukuma oili kwa bidii, lakini sehemu kubwa yake ilirudi kwenye sampu bila kufika kwenye beringi. Tena iliyofika ilikuwa haijapita kwenye kipoza-oili. Kwa hiyo ilizidi kupata moto, ikazidi kuwa nyepesi, na msukumo ukazidi kushuka. Ndiyo sababu taa iliwaka tulipokuwa mlimani alasiri, na asubuhi tulipokuwa tukiteremka kwenda mjini haikuwaka.

Kukitoa kulihitaji ujanja. Fundi alichukua kile chombo cha kuchongea nyuzi za skrubu, ambacho wao hukiita tepu, cha milimita 10. Akakizungusha kidogo ndani ya mdomo wa kizibo hadi kikashika, akakivuta taratibu. Kizibo kilitoka kikiwa na utando wa rangi ya kahawia kama sukari iliyoungua, na mikwaruzo miwili mirefu. Tuliliosha tundu kwa mafuta ya taa, tukakisugua kizibo kwa msasa laini kabisa hadi mikwaruzo ikalainika, tukakiosha tena hadi isibaki hata chembe ya mchanga wa msasa. Kipimo chake ni rahisi: kizibo kikipakwa oili, kinapaswa kuteremka ndani ya tundu kwa uzito wake chenyewe. Chetu kiliteremka. Lau mikwaruzo ingekuwa ya kina kirefu, au springi ingekuwa imelegea, tungelazimika kununua vipya.

Pampu na beringi hatukuzigusa. Fundi alisema tuache geji iamue. Kama pampu ndiyo mbovu, mwanya kati ya gia na kifuniko chake huwa umepita sehemu moja ya kumi ya milimita. Kifuniko chenye michubuko kinaweza kusawazishwa kwa kukisugua juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo. Na kama beringi ndizo zilizokwisha, oili hutoroka kupitia mianya yao, na hapo hakuna ujanja tena ila kuifungua injini.

GEJI YAAMUA

Tulitia oili mpya lita mbili na nusu. Kabla ya kuliwasha, Fundi alichomoa waya wa koili, akaizungusha injini kwa stata hadi sindano ya geji ikapanda, ili oili ifike kwenye beringi kabla ya moto kuingia. Kisha akarudisha waya, akawasha.

Babu alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama darasani siku ya mtihani. Tuliiacha injini ipate moto sawasawa. Kwenye mizunguko 2,500 sindano ilisimama kwenye 35. Ikinguruma polepole, ilikuwa kwenye 9, na ule mlio wa cherehani ulikuwa umekwisha. Beringi zilizokufa hazifufuki kwa kusafishwa kizibo. Kumbe zilikuwa hai muda wote!

Gharama ya oili, gasketi, mafuta ya taa na jasho la Fundi ilikuwa shilingi 6,200. Kati ya hizo, 1,500 zilikuwa akiba yangu. Babu alikataa kuzipokea, nami nikakataa kuzirudisha mfukoni, hadi Fundi alipozichukua kutoka mkononi mwangu na kusema, "Mwalimu, mwache alipe. Atakumbuka."

CHANZO NA TAHADHARI

Kwa nini kizibo kilikwama? Babu huliendesha gari lake Jumapili kwenda kanisani na mara moja moja sokoni, safari fupi fupi. Alidhani gari lisilotembea sana halihitaji kubadilishiwa oili. Kumbe ni kinyume. Katika safari fupi injini haipati moto wa kutosha kuukausha unyevu, na unyevu ukichanganyika na masizi hufanya tope. Walioliunda gari hili waliagiza oili ibadilishwe na chujio lisafishwe kila baada ya kilomita 5,000. Ya Babu ilikuwa imekaa zaidi ya miaka miwili bila kubadilishwa.

Mwenye gari kuukuu nyumbani kwao na ayashike haya:

1. Taa ya oili ikiwaka mkiwa njiani, simameni na kuzima injini papo hapo. Usiseme "tufike pale mbele." Babu alizima mara tu alipoiona, na hilo ndilo lililoziokoa beringi.

2. Pima oili kila juma, na uibadilishe hata kama gari halijasafiri sana.

3. Kila unapobadilisha oili, osha chujio pia. Beetle halina filta ya karatasi kama magari ya sasa. Wavu ule ndio ulinzi wake pekee.

4. Oili chafu usiimwage mtaroni wala shambani. Ikusanye mtungini na kumpelekea mwenye gereji anayeikusanya.

5. Ukiambiwa injini imekwisha, uliza: "Geji imesema nini?"

Nami naongeza la sita, ambalo si la mafundi. Ukiona jambo usilolielewa, sema. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani ninajua maana ya kijani, na kunyamaza huko kulikaribia kumgharimu Babu kitu alichokipenda kwa miaka 45. Nilimwomba radhi jioni ile tulipokuwa tukipanda kurudi Njoro, jua likitupiga usoni vilevile. Alisema, "Na mimi niliyekuwa dereva nilikuwa natazama wapi? Tuliokosa ni wawili."

Kila Jumamosi nikiwa likizoni, ni mimi ninayechomoa kijiti. Tena nimebandika kikaratasi kando ya spidomita, nimeandika kwa herufi kubwa: KIJANI NI KUSIMAMA. Babu alipokiona alicheka hadi akavua miwani. Lakini hakukibandua.